WATAFUTAO SIHA NJIANI

Siku hizi neno jipya limeingia katika vinywa vya wafanya biashara ya wageni, nalo ni utalii wa siha. Maana yake ni kwamba mtu hufunga safari kutoka kwao, na hana haja ya kutazama simba wala ya kupanda mlima. Haja yake ni kuupumzisha mwili na kuutuliza moyo. Hulala usingizi wa kutosha, huoga baharini, hukandwa mgongo kwa mafuta, hunywa maji ya mitishamba, na asubuhi hunyoosha viungo vyake kwa namna ya Wahindi. Baada ya siku kumi hurudi kwao akisema kwamba amekuwa mtu mpya. Nchi yetu, ambayo mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje, haiwezi kulipuuza jambo hili, wala sisi hatuna nia ya kulibeza. Lakini twapenda kuuliza, kwa faida ya wasomaji wetu wa Mbagala na Tandale: Je, wasafiri hawa hutafuta kitu gani hasa? Na kitu hicho, kwetu hapa, hupewa nani?

Kwanza na ifahamike kwamba jambo lenyewe si geni, jina tu ndilo geni. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliona joto la pwani haliwafai, wakapanda milima ya Usambara wakajenga mji wa Lushoto, wakauita Wilhelmsthal, na huko wakubwa wao walikwenda kupunga hewa na kujiponya homa. Karibu na Tanga, huko Amboni, zipo chemchemi za maji ya moto yenye kiberiti, ambazo hata leo zinaitwa kwa jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Watu walikwenda kuoga humo kwa ajili ya maradhi ya ngozi na ya viungo.

Na mji wetu wa Dar es Salaam wenyewe uligawanywa kwa hoja ya afya. Wazee wetu wanakumbuka. Upande wa Oysterbay, ambako upepo wa bahari huvuma mchana kutwa, uliwekwa kuwa Uzunguni, na nyumba zake zikajengwa mbalimbali katikati ya miti. Wahindi wakawa na mitaa yao ya maduka. Mwafrika akapewa Kariakoo, baadaye Ilala, Magomeni na Temeke, na kati yake na wenzake ukaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Serikali ya wakoloni ilieleza kwamba mpango huo ulikuwa kwa ajili ya kuzuia magonjwa. Hatusemi kwamba malaria haikuwako. Twasema kwamba katika kuigawa hewa ya mji, aliyekuwa na hewa nyingi aliongezewa. Kizuizi hicho cha rangi kiliondoka zamani, lakini upepo unavuma palepale ulipokuwa ukivuma, na bei ya kiwanja kilicho karibu nao kila mtu aijua.

Sasa tutazame wageni wa leo. Aendaye Nungwi, Paje au Jambiani huko Unguja hupelekwa katika nyumba ya kukandwa. Hulazwa juu ya kitanda, akapakwa singo. Msomaji wetu wa pwani atacheka hapa, maana singo ni ile dawa aliyosingwa mama yake na bibi yake kabla ya harusi: asumini, mawaridi, karafuu na liwa, vyote vimetwangwa na kuchanganywa na mikono ya somo au kungwi aliyejua kipimo bila ya kuandikiwa. Baada ya hapo bibi-arusi alifukizwa udi na kuambiwa akae kitako, asiguse jiko wala ndoo. Huenda zilikuwa ndizo siku pekee katika maisha yake alizohudumiwa bila ya yeye kumhudumia mtu. Hotelini huduma hiyo ina bei yake, imeandikwa kwa dola.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mnamo mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na tangu hapo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Bahari ikitoka huingia majini mpaka kiunoni, wakafunga vipande vya mwani katika kamba, wakainama saa nyingi juani. Miaka ya karibuni maji ya bahari yamezidi joto, na ile aina ya mwani mnene yenye bei nzuri imekuwa ikifa, ukabaki mwani mwembamba ambao bei yake ni hafifu. Mwani ule ule ukisagwa ukatiwa katika sabuni na mafuta ya ngozi huuzwa kwa wageni watafutao siha kwa bei ya kushangaza. Wako akina mama huko Paje waliojifunza kutengeneza sabuni wao wenyewe, nasi twawasifu, kwa maana wamefahamu kwamba faida haikai katika kamba, inakaa katika kipande cha sabuni. Lakini wengi bado wanauza magunia. Na mgongo wa mama aliyeinama baharini tangu alfajiri haukandwi na mtu.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kusafiri kwa ajili ya siha ni tabia ya wageni peke yao. Msafara mkubwa kabisa wa namna hiyo ulioonekana katika nchi yetu haukutoka Ulaya. Ulitoka Temeke, Kinondoni, Mwanza, Moshi, Nairobi na kwingineko, ukaelekea kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mwanzoni mwa mwaka 2011.

Wasomaji wetu hawana haja ya kusimuliwa sana. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa, nayo ni mizizi ya mti ambao wenyeji wa huko huuita mugariga, ichemshwe na kunywewa kikombe kimoja tu. Bei yake ilikuwa shilingi 500. Alisema inaponya kisukari, saratani, pumu, hata UKIMWI. Ikafika Machi, foleni ya magari ikawa ya kilometa nyingi katika njia ya vumbi ipitayo Mto wa Mbu na Engaruka, karibu na Ziwa Natron. Wenye fedha walishuka kwa helikopta. Wenye vyeo nao walikunywa, tena mbele ya wapiga picha. Mwisho wa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasiendelee kuja kwa muda, maana walikuwa wamezidi, na vifo 52 vya watu waliokuwa wakingoja zamu yao viliripotiwa. Baadhi ya wagonjwa walitolewa katika vitanda vya hospitali wakapakiwa magarini.

Sisi twakumbuka jirani mmoja wa Tandika, fundi cherehani, ambaye mkewe alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Fundi huyo aliuza cherehani yake moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Kikombe kilikuwa shilingi 500, lakini nauli ya kufika kwenye kikombe ilipita mara mia ya hizo. Walikaa njiani usiku nne, wakalala chini ya basi, wakanunua maji kwa bei ya soda. Walirudi wamejaa vumbi na furaha. Mke akaacha dawa zake za hospitali, ijapokuwa madaktari walikuwa wakisihi kila siku redioni kwamba mtu asiache. Miezi haikupita mingi akalazwa, akakatwa mguu. Hakufa, twamshukuru Mungu, na fundi anaendelea kushona kwa ile cherehani iliyobaki.

Tulipokwenda kumpa pole tulimwuliza mama huyo, kwa upole, kama anaijutia safari. Jibu lake limetukaa moyoni tangu siku ile. Alisema kwamba katika miaka yote ya kwenda kliniki, kupanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, kupimwa na kuambiwa "mwingine", hakuna mtu aliyemtazama usoni. Yule mzee wa Samunge alimtazama. Tena njiani, alisema, watu wasiofahamiana waligawana mikate, na kwa mara ya kwanza mumewe alikaa naye siku nane mfululizo bila ya kwenda kibandani.

Sisi tuliosomeshwa na wamisheni twalikumbuka darasa la birika la Bethzatha, na mgonjwa aliyelala pale miaka 38. Mwalimu wetu alipenda kueleza juu ya malaika aliyeyatibua maji. Sisi watoto tulichoshikilia ni malalamiko ya yule mgonjwa mwenyewe, kwamba hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Mtu akilitafakari neno hilo, ataelewa kwa nini Samunge kulijaa. Hapajapatikana uthibitisho kwamba kikombe kile kiliponya maradhi aliyoyataja Babu, na Babu mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai, 2021. Twasema wazi kwamba kuacha dawa ya hospitali kwa ajili ya kikombe kulikuwa ni hatari, na waliowatia watu moyo wa kufanya hivyo, hasa wenye vyeo, walifanya vibaya. Lakini atakayewacheka wale wasafiri, kisha akasifu mtalii aliyepanda ndege saa kumi ili apakwe singo na kuambiwa avute pumzi polepole, tutamwomba atueleze tofauti. Wote wawili walitaka kutolewa katika mahali palipowachosha, na wapokewe na mtu asiye na haraka.

Nasi watu wa pembeni mwa mji tunapumzika wapi? Mfanya kazi wa Yombo Vituka au wa Buza hutoka nyumbani nyota zingali juu, akasimama katika daladala, akarudi usiku. Wengi wa wale wanaowakanda wageni na kuwatandikia vitanda katika hoteli za pwani ya Kunduchi huishi mbali na bahari, katika vyumba ambavyo dirisha lake hutazama ukuta wa jirani. Mmoja wao, binti wa miaka ishirini na ushei, alituambia kwamba anajua namna tatu za kumkanda mtu mpaka alale usingizi, na yeye mwenyewe mikono humuuma usiku hata asilale.

Jumapili watu wetu huenda Coco Beach, na hilo twalipenda sana. Tulikwenda juzi na watoto. Kulikuwa na familia kutoka Tandale, vijana wa Mwananyamala, wazee wamekaa juu ya mawe, mihogo inakaangwa, watoto wanaoga na nguo zao. Hapakuwa na kiingilio. Ufuko huo uko katika upande uleule uliokuwa Uzunguni, na hii ni mojawapo ya sehemu chache za pwani ya mji ambako mtu wa mfuko mtupu aweza kukaa hadi jua litue bila ya kuulizwa na mlinzi. Mara kwa mara husikika maneno kwamba mahali hapo pajengwe hiki au kile. Twawaambia wahusika wote mapema: ufuko huo ndio nyumba ya siha ya watu wa Kinondoni, wala hawana nyingine.

Tena iko sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na kwamba mfanya kazi apewe likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka, yenye malipo. Siku 28 ni nyingi kuliko ambazo watalii wengi hukaa Unguja. Lakini ulizeni katika viwanda vya Chang'ombe na katika maghala ya Kurasini, mtasikia habari nyingine. Yuko aliyeambiwa aiache likizo apewe fedha, akakubali kwa sababu ada ya shule ilikuwa imefika. Yuko kibarua aliyefanya kazi mahali pamoja kwa miaka mitatu, na kila asubuhi huandikwa upya kana kwamba amefika leo. Yuko hata aliyetuuliza kama likizo ni kitu cha watu wa serikali peke yao.

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi ya vyama vya wafanyakazi katika Temeke na Kinondoni watuletee, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, hesabu ya wanachama wao waliopata likizo zao kamili mwaka uliopita, na ya wale waliozikosa, pamoja na sababu walizopewa. Majina ya wafanya kazi hatutayachapa. Hesabu tutaichapa hapa hapa, katika ukurasa huu, kiwanda kwa kiwanda.