Kusoma Njaa ya Mmea Katika Majani Yake
Mmea wa tangi la samaki unapopungukiwa na naitrojeni, huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi, ndiyo maana majani ya chini hugeuka manjano kwanza. Lakini yanapokosekana madini ya chuma, ambayo hayahamishiki kwa urahisi, majani machanga ndiyo yanayopauka huku mishipa yake ikibaki kijani. Vitundu vidogo katika majani yaliyokomaa mara nyingi huashiria upungufu wa potasiamu. Mwani, yaani viumbe sahili visivyo na mizizi vinavyotanda kiooni, hushamiri mwanga unapozidi mahitaji ya mimea iliyodhoofika, kwa hiyo kukimbilia dawa, kama wengi wafanyavyo, ni kutibu dalili tu. Taa ziwashwe kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, kisha yachunguzwe majani mapya, kwani jani lililotoboka halizibiki.