Uzito, Umeme na Chumvi: Safari Ndefu ya Kwanza ya Gari-Nyumba Katika Pwani ya Bagamoyo

Gari-nyumba ni gari ambalo bodi yake imejengwa makusudi ili watu waweze kuishi ndani yake kwa siku au majuma kadhaa, kwa kuwa lina vitanda, jiko, jokofu, choo, bafu, matangi ya maji na betri za matumizi ya nyumbani zilizotengwa na ile ya kuwashia injini. Aina za kifahari huongeza kiyoyozi cha paani, mashine ya kufulia na wakati mwingine chumba kinachosukumwa nje kwa mota gari linapoegeshwa ili sebule ipanuke. Katika Ulaya, Marekani, Australia na Afrika Kusini, vyombo hivi vimejengewa viwanja vyenye soketi za umeme, mabomba ya maji safi na mashimo ya kumwagia majitaka, kiasi kwamba mmiliki mpya anaweza kusafiri kwa muda mrefu bila kuielewa vizuri mifumo ya gari lake. Katika ukanda unaotoka kaskazini mwa Dar es Salaam kupitia Bagamoyo na Saadani hadi Pangani na Tanga, huduma za namna hiyo ni adimu, na kwa sababu hiyo safari ya kwanza hugeuka kuwa mtihani wa kila mfumo kwa wakati mmoja. Umbali wenyewe si mkubwa, kwani kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 za lami, lakini kilomita ni kipimo kisichofaa kwa safari ya aina hii. Kinachofaa kupimwa kabla ya kuondoka ni uzito, umeme, maji na athari za chumvi, na uzito ndio unaopaswa kutangulia, kwa kuwa kosa lake hujificha mpaka tairi lipasuke.

Kila gari-nyumba lina kibati cha mtengenezaji kinachotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani uzito wa gari pamoja na abiria, mafuta, maji na mizigo yote, na pia uzito wa juu wa kila ekseli. Gari lenye kikomo cha kilo 3,500 linaweza kuwa na kilo 3,100 likiwa tupu, hivyo linabakiwa na kilo 400 tu kwa ajili ya kila kitu kingine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwa hiyo tangi la lita 150 likijazwa, pamoja na watu wanne wazima, akiba hiyo huisha kabla ya godoro la ziada, mtungi wa gesi au sanduku la vinywaji kupakiwa. Mahali mzigo unapokaa pana uzito wake pia. Gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 4, likiwekewa kilo 100 kwenye sanduku lililo mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, huiongezea ekseli hiyo kilo 150 na kuipunguzia ile ya mbele kilo 50, kwa sababu sehemu iliyoning'inia nyuma hufanya kazi ya wenzo. Usukani huwa mwepesi, breki za mbele hushika vibaya, na matairi ya nyuma hupata joto ambalo dereva halihisi kutoka kitini.

Bagamoyo ulikuwa mji wa mizani muda mrefu kabla ya magari. Katika karne ya 19, misafara iliyoelekea Ujiji na Tabora ilifungasha bidhaa zake hapo, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, ambazo ni takriban kilo 32, kiwango kilichofuatwa kwa makini kwa kuwa aliyezidishiwa alichelewesha msafara mzima. Maji na vifaa vya kilo 500 vinavyobebwa leo bila kufikiriwa ndani ya gari moja vingehitaji wapagazi kama 16. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, maandalizi yake yalitawaliwa na hesabu hiyo hiyo ya nani abebe nini, na ni haki kusema kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kanuni ya mgawanyo wa mzigo kuliko wamiliki wengi wa magari ya kifahari.

Upande wa sheria, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito kuanzia tani 3.5, na huweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Vikomo hivyo viliwekwa ili kulinda barabara, na vinazidi kwa mbali uwezo wa magari-nyumba mengi, ambayo ekseli yake ya nyuma inaweza kuwa imeidhinishwa kubeba tani 2 tu. Kwa hiyo gari linaweza kupita kwenye mizani bila kosa lolote huku likiwa limezidisha uzito kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Mmiliki mwangalifu hutafuta mizani ya umma au ya kiwanda kabla ya safari, hupima kila ekseli gari likiwa limejaa kama litakavyosafiri, kisha hulinganisha namba hizo na kibati.

Baada ya uzito yafuatie matairi, na hapa umri una hatari kuliko kuchakaa, kwa kuwa gari-nyumba hukaa limeegeshwa miezi mingi na matairi yake huzeeka yakiwa bado na kashata nzuri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 1823, kwa mfano, humaanisha juma la 18 la mwaka 2023. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango kinacholingana na uzito uliopimwa.

Tanzania huendesha kushoto, jambo linaloleta tatizo ambalo wanunuzi wa magari kutoka Marekani na bara la Ulaya hulitambua wakiwa wamekwisha kulipa. Mlango wa nyumba katika magari hayo huwa upande wa kulia, ambao nchini mwao ndio upande wa ukingo wa barabara. Gari hilo likisimama kando ya Barabara ya Bagamoyo, mlango na ngazi yake hufungukia kwenye njia ya malori na bodaboda, na mtoto anayeshuka anashukia barabarani. Magari yaliyoundwa kwa soko la Uingereza, Australia au Afrika Kusini kwa kawaida huwa na mlango upande wa kushoto, na kwa familia yenye watoto tofauti hiyo inastahili kupewa uzito kuliko ngozi ya viti au ukubwa wa televisheni. Aliye na mlango wa kulia hana budi kujiwekea kanuni ya kutoshusha mtu barabarani kamwe, bali kuingia ndani kabisa ya kituo cha mafuta au uwanja.

Barabara yenyewe, inapopita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, ina matuta mengi, na kasi katika maeneo ya makazi hairuhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Gari lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli linaweza kuvuka tuta kwa magurudumu yote na bado likakwaruza bomba la majitaka lililo chini ya mkia. Mjini Bagamoyo, hatari huhamia juu. Mitaa ya Mji Mkongwe, iliyojengwa kabla ya gari lolote kufika, ina kona finyu, nyaya zinazokatiza kutoka nguzo hadi nyumba, na matawi ya miembe yaliyoshuka. Urefu wa gari kwenda juu unapaswa kupimwa pamoja na kiyoyozi na paneli za sola, uandikwe na kubandikwa mbele ya dereva. Hata hivyo, uamuzi bora ni kuliacha gari kwenye kiwanja kipana nje ya mitaa hiyo na kwenda Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani na Caravan Serai kwa miguu au kwa bajaji. Aegeshaye chini ya mnazi ajue kwamba nazi moja inatosha kutoboa dirisha la paa.

Umeme ndio mfumo unaowatatiza zaidi wageni wa vyombo hivi. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali magari-nyumba ya Marekani yameundwa kwa volti 120 na hezi 60. Kuliunganisha gari la aina hiyo moja kwa moja na soketi ya hoteli ni kuviunguza vifaa vyake. Transfoma ya kushusha volti hutatua nusu ya tatizo, kwa kuwa haibadilishi hezi, na mota ya kiyoyozi iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole zaidi na kupata joto kupita kiasi inapolishwa hezi 50. Njia salama ni kuutumia umeme wa nje kwa kuchaji betri pekee, kupitia chaja inayokubali volti 230, kisha kuvilisha vifaa vya ndani kutoka kwenye inveta, ambayo ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani wa aina ambayo gari linaihitaji.

Hata kwa gari la volti 230, hesabu ya kiyoyozi inapaswa kufanywa kwa kalamu. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa wati zisizozidi 3,000 hivi, na waya mrefu mwembamba uliozungushwa kwenye kibiringo hupata moto kabla ya kufika hapo. Betri ya litiamu ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, hivyo kiyoyozi cha wati 1,500 huimaliza katika muda wa saa moja na nusu au pungufu. Paneli za sola za wati 400, katika siku yenye jua zuri, hurudisha takriban wati-saa 2,000, kiasi kisichotosha kulaza watu usiku mmoja kwenye ubaridi. Feni ya wati 30, kinyume chake, hutumia wati-saa 300 kwa usiku wa saa kumi. Kwa sababu hiyo mkazi wa pwani hujenga kwa kufuata upepo, na mwenye gari-nyumba anapaswa kuegesha kwa kanuni hiyo hiyo: wakati wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mnamo Aprili hadi Septemba, dirisha kubwa lielekezwe huko, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ligeuzwe kuelekea kaskazini-mashariki. Kiyoyozi kitumike pale tu penye umeme wa uhakika.

Jokofu linalotumia gesi, ambalo hupoza kwa kuchemsha amonia badala ya kutumia kompresa, huhitaji gari lisimame sawasawa na hudhoofika sana joto la nje linapokaribia nyuzi 35. Kwa mwambao huu jokofu la kompresa linafaa zaidi, ingawa hula betri.

Maji ya visima karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi, ambayo huacha ukoko ndani ya hita na pampu, kwa hiyo inafaa kuyaonja kabla ya kujaza tangi. Majitaka yanahitaji uangalifu zaidi. Maji ya jikoni na bafuni huhifadhiwa katika tangi moja, na ya chooni katika jingine au katika kaseti inayochomolewa, na yote mawili hayaruhusiwi kumwagwa ufukweni wala kwenye mikoko ya delta ya Ruvu, ambako kamba na samaki wachanga hukulia na ambako jamii za wavuvi hupata riziki. Mmiliki anapaswa kuomba ruhusa ya kumwaga kwenye shimo la hoteli aliyofikia, au kuliita gari la kunyonya majitaka, na katika hali zote mbili aepuke dawa za choo zenye formalini, kwa kuwa huua bakteria wanaosaga uchafu ndani ya shimo la mwenyeji wake.

Ufukwe hushawishi, lakini gari la tani tano halipaswi kushushwa mchangani. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa katika mwambao huu huzidi mita 3, na gari lililonasa maji yakiwa yamekupwa lina saa sita tu kabla ya bahari kulifikia.

Atakayeendelea kaskazini, baada ya kulala Bagamoyo siku mbili tatu na kurekebisha kasoro zilizojitokeza, ana njia ya lami ya kilomita 64 hadi Msata, kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, ambako daraja la zamani la Wami la mwaka 1959, lililopitisha gari moja moja, nafasi yake imechukuliwa na daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Kutoka barabara hiyo huchepuka njia ya Miono iendayo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo ndiyo hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na bahari kwa upande wa bara. Udongo mweusi wa maeneo hayo hushikilia magurudumu wakati wa masika, Machi hadi Mei, na gari zito lisiloendeshwa kwa magurudumu yote halina kazi huko hadi Juni. Huko Pangani, mto umevukwa kwa miaka mingi kwa kivuko kati ya mji na Bweni, na ujenzi wa daraja umekusudiwa kuibadili hali hiyo. Anayetumia kivuko achague saa ambayo maji yamejaa, kwa kuwa ngazi ya kupandia huwa na mwinuko mdogo na mkia wa gari hauburuzi, na afunge gesi yote kabla ya kupanda.

Safari ikiisha, chasisi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa kwenye breki, springi na maungio ya nyaya za ethi, nati za magurudumu zikazwe upya kwa kipimo cha mtengenezaji, na matangi yaachwe matupu, wazi na makavu.