Asiyeona na Asiyesikia: Nani Ana Mzigo Mzito Zaidi?

Watu wakikaa chini ya mti kupumzika baada ya kulima, mara nyingine huulizana: kama ingekubidi kupoteza kimoja, macho au masikio, ungekubali kupoteza kipi? Wengi hujibu upesi: "Heri masikio yaende, macho yabaki." Sababu yao inaeleweka. Ukifumba macho kwa dakika moja tu unaonja giza, unaogopa hata kupiga hatua. Lakini hakuna awezaye kufumba masikio yake kabisa akaonja uziwi. Kwa hiyo upofu tunauogopa, na uziwi tunaudharau.

Ndugu msomaji, katika makala hii tutayapima mambo hayo mawili kwa mizani moja. Si kwa ajili ya kushindanisha watu wenye ulemavu, bali kwa sababu kosa letu la kupima linawaumiza watoto wengi vijijini.

UPOFU NA UZIWI NI NINI?

Watu wengi hudhani kipofu ni yule tu aliye katika giza tupu. Sivyo. Mtu huhesabiwa kuwa kipofu ikiwa hawezi kuhesabu vidole vya mkono ulio umbali wa mita 3, akitumia jicho lake lililo bora, hata baada ya kuvaa miwani. Uziwi nao una ngazi zake. Wapo wasiosikia hata ngurumo ya radi, na wapo wanaosikia ngoma lakini hawapati maneno ya mtu anayezungumza nao.

Mwaka 2020 wataalamu walikadiria kuwa vipofu duniani walikuwa kama milioni 43. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 430 walihitaji kusaidiwa kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu, na kati yao milioni 34 walikuwa watoto. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa kipimo kimoja, kwa kuwa ya pili inawaingiza hata wanaosikia kidogo. Hata hivyo zinatuonyesha kuwa uziwi si jambo la watu wachache.

MZIGO WA ASIYEONA

Asiyeona ana shida na vitu. Njia, shimo, mto, jiko, nyoka, noti ya fedha: vyote hivyo ni vigumu kwake. Akiwa peke yake mahali pageni huweza kupotea au kuumia. Shamba lake hulilima kwa kupapasa, na mara nyingi mtoto mmoja wa nyumba huachishwa shule ili amshike fimbo. Hilo ni jambo baya, maana ulemavu wa mtu mmoja huwa ujinga wa mtu wa pili.

Lakini asiyeona ana mali moja kubwa: anasikia. Anasikia hadithi za bibi, methali, mawaidha, taarifa ya habari ya redio na mabishano ya mkutano wa kijiji. Akiwa na hoja anaitoa. Akiibiwa anapiga kelele na kumtaja mwizi kwa sauti yake. Mtoto aliyezaliwa bila kuona hujifunza lugha ya nyumbani kwao kama watoto wengine. Na watu wakimwona njiani wanajua mara moja kuwa anahitaji msaada.

Kusoma nako kunawezekana. Mfaransa Louis Braille alipofuka utotoni baada ya kujichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 20, alitoa kitabu kilichoeleza maandishi yake ya nukta sita zinazosomwa kwa ncha za vidole. Sisi huyaita maandishi ya nukta nundu.

MZIGO WA ASIYESIKIA

Asiyesikia hana shida na vitu. Anatembea, analima, anachunga, anashona, anajenga. Shida yake ni watu. Anakaa katikati ya ndugu zake jioni, wote wanacheka, naye hajui wanacheka nini. Baiskeli ikija nyuma yake haisikii kengele. Msiba ukitokea huona tu watu wanalia.

Tena ulemavu wake hauonekani. Akiitwa asipoitika huambiwa ana kiburi. Tuna methali isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo inamsema mkaidi, lakini watoto viziwi wangapi wamechapwa kama wakaidi kabla ya wazazi kugundua kuwa masikio yao hayafanyi kazi? Wengine huitwa "bubu" au "zezeta". Majina hayo yote mawili ni makosa. Kiziwi ana akili zake timamu, na koo lake kwa kawaida ni zima. Hasemi kwa sababu hajawahi kuyasikia maneno ya kuyaiga.

Katika zahanati tofauti hii huonekana wazi. Mgonjwa asiyeona hushikwa mkono, huketishwa, kisha hueleza mwenyewe: kichwa kinauma tangu juzi, nimetapika mara mbili. Mgonjwa kiziwi huelezewa na ndugu aliyemleta. Akiulizwa jambo hutikisa kichwa kukubali, hata kama hakuelewa, kwa sababu amechoka kuonekana mjinga. Akienda nyumbani hajui kama vidonge ni viwili mara tatu au vitatu mara mbili. Na msichana kiziwi akitendewa uovu, aliyemtendea anatumaini kwamba hataweza kumtaja.

Hata katika shule, asiyeonekana alichelewa. Hapa Tanzania shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963.

ALIYEBEBA MIZIGO YOTE MIWILI

Yupo mtu aliyeweza kulijibu swali letu kwa kuyajua yote mawili. Huyo ni Helen Keller, aliyezaliwa mwaka 1880 huko Alabama, Marekani. Akiwa na miezi 19 aliugua sana, akapoteza kuona na kusikia kwa pamoja. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa hasira na kupapasa. Mwaka 1887 alifika mwalimu Anne Sullivan, ambaye mwenyewe alikuwa na macho mabovu. Mwalimu huyo aliziandika herufi kwa vidole katika kiganja cha mtoto mpaka mtoto akafahamu kuwa kila kitu kina jina. Mwaka 1904 Helen Keller alihitimu Chuo cha Radcliffe.

Mwaka 1910 alimwandikia barua daktari mmoja wa Scotland, akaeleza kuwa kwake matatizo ya uziwi yalikuwa mazito na yenye kutatanisha kuliko ya upofu. Sababu aliyoitoa ni kwamba asiyesikia hukosa sauti za watu, nazo ndizo zinazomletea mtu lugha na mawazo.

Hayo ni maoni ya mtu mmoja, na viziwi wengi wenye lugha yao ya alama hawatakubali kuwa wana mzigo mzito hivyo. Lakini tazama jambo moja katika maisha yake: lugha ilipozuiwa masikioni na machoni, ilipita mkononi. Basi kinachomfunga kiziwi si sikio lenyewe. Ni kukosa lugha.

UMRI NDIO UNAOAMUA

Mzee aliyesikia miaka 60 kisha akawa kiziwi anaumia, lakini lugha anayo, na kama anajua kusoma atasoma. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana hata neno moja. Miaka mitano ya kwanza ndiyo ubongo wa mtoto hupokea lugha kwa urahisi. Ikipita bila lugha yoyote, hata mwalimu hodari atapata taabu kuifidia. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo mzazi, chunguza mapema. Mtoto mchanga hushtuka kwa mshindo. Akiwa na miezi sita hugeukia sauti ya mama. Kwenye mwaka mmoja huanza kutamka neno moja moja. Ukitaka kumpima, simama nyuma yake asikuone, mwite au tikisa njugu. Usipige mlango wala kukanyaga kwa nguvu, maana kiziwi huhisi mtikisiko wa ardhi akageuka, nawe ukadhani amesikia. Asipogeuka, mpeleke zahanati ili aandikiwe kwenda hospitali kupimwa. Wakati huohuo anza kuzungumza naye kwa mikono. Usiogope kuwa alama zitamzuia kusema. Alama ni lugha, na lugha hufungua akili.

Mwandikishe shule pia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenzake. Kumficha ndani ni kumnyima haki hiyo.

KIJIJI CHAWEZA KUPUNGUZA MZIGO

Je, jamii nzima inaweza kujifunza alama kwa ajili ya viziwi wachache? Imewahi kutokea. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, waliishi wavuvi na wakulima ambao uziwi ulirithiwa katika koo zao kwa zaidi ya miaka 200. Katika karne ya 19, kwenye mji wa Chilmark kisiwani humo, mtu mmoja katika kila 25 alizaliwa kiziwi. Basi watu wote walijua alama, hata wanaosikia. Wavuvi walizitumia kuzungumza kutoka mtumbwi hadi mtumbwi mahali ambapo sauti haifiki. Viziwi walioa, waliolewa na kufanya kazi kama watu wengine. Karibu nasi zaidi, katika kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, viziwi ni wengi kwa urithi wa ukoo, na wenyeji wengi wanaosikia hujua lugha ya alama ya kijiji.

Hakuna fedha iliyohitajika hapo. Kilichohitajika ni majirani kukubali kujifunza.

KINGA NI ILEILE

Upofu na uziwi mara nyingi hutoka katika mlango mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa. Fanyeni haya:

1. Chanjo. Surua huharibu macho na masikio. Rubela ikimpata mama mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, mtoto huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho na uziwi pamoja. Mwaka 2014 Tanzania iliunganisha chanjo ya surua na rubela, nayo hutolewa kwa mtoto wa miezi 9 na miezi 18.

2. Vitamini A. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano apewe matone kila miezi sita. Nyumbani apewe mchicha, matembele, papai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.

3. Kunawa uso. Trakoma, yaani vikope, huenezwa na nzi, vidole na nguo zenye tongo. Osheni nyuso za watoto kila siku, mchimbe vyoo na kuvitumia.

4. Usaha. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Sikio linalotoa usaha nalo litibiwe. Likaushe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kama utambi. Kiingize taratibu, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka likauke, mara tatu kwa siku au zaidi. Usitie mafuta, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Usichokoe kwa njiti.

5. Homa kali na shingo kukakamaa. Hizo ni dalili za homa ya uti wa mgongo, ambayo huacha watoto wengi viziwi. Kimbia hospitali.

6. Dawa na sindano. Kwinini na sindano za streptomaisini na gentamaisini huweza kudhuru usikivu. Usinunue sindano mitaani.

7. Kelele. Anayeendesha mashine ya kusaga azibe masikio kwa vizibo wakati wa kazi.

8. Wazee. Mtoto wa jicho si uzee usiotibika. Huondolewa kwa upasuaji, na mzee akaona tena. Usimwache babu gizani.

TUKUTANAPO NAO

Kwa asiyeona, taja jina lako kwanza. Usimvute, mpe kiwiko chako akushike. Usihamishe vitu vyake bila kumwambia.

Kwa asiyesikia, mguse begani, simama penye mwanga, mtazame usoni. Usipige kelele, maana kelele haimfikii na hukunja uso wako. Onyesha kwa mikono, chora au andika. Ukimpa dawa, mwambie akuonyeshe mwenyewe kwa vidole atakavyokunywa. Kutikisa kichwa peke yake si jibu.

Basi nani ana mzigo mzito zaidi? Asiyeona hutenganishwa na vitu, na fimbo na mkono wa mtu humsaidia kuvifikia. Asiyesikia hutenganishwa na watu, na hakuna fimbo ya jambo hilo ila sisi wenyewe. Uzito wa mzigo wake uko mikononi mwetu. Hujafa hujaumbika: leo ni mtoto wa jirani, kesho ni wako au ni wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kijijini kwenu wapo watoto wangapi wasioona au wasiosikia? Wangapi wako shuleni?

2. Je, yupo mtoto anayeitwa mkaidi au zezeta ambaye hajawahi kupimwa masikio?

3. Kiziwi wa kijiji chenu hupataje habari za mkutano? Nani atamweleza?

4. Kila mwanakikundi ajifunze alama kumi kutoka kwa kiziwi mwenyewe, azionyeshe katika mkutano ujao.