Maji ya Dodoma na Hesabu ya Miaka Mia

Ukipita Gulwe mwezi wa Septemba utaukuta mto Kinyasungwe umelala mchanga mtupu, mbuzi wakikatiza bila kulowa kwato. Ni vigumu kusadiki kwamba mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto huo yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari za Reli ya Kati zikakatika.

Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, tena katika msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ni haba, lakini huja kwa vishindo, ikakuta ardhi tupu na ngumu, ikateremka badala ya kunywewa. Kinyasungwe hupita Gulwe na Kidete, huitwa Mkondoa ufikapo Kilosa, kisha Wami, na kumwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Na bahari hiyo haiko mbali nasi kama tudhanivyo: maji yake ya upande wa Afrika Mashariki yakipata joto kupita kiasi, kama mwaka 1997 na 2019, mvua hutuzidia.

Wahandisi watakao kujua maji yatapanda hadi wapi hukusanya vipimo vya miaka mingi, wakakadiria kimo cha "mafuriko ya miaka 100". Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mtu hudhani kwamba yakishapita, mengine watayaona wajukuu. La, hasha! Maana yake ni kwamba kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko, ipo nafasi 1 katika 100. Mfanyakazi aliyejenga kando ya korongo na kukaa humo miaka 30 ana nafasi kama 1 katika 4 ya kufikiwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni bahati nasibu mbaya kwa familia. Kabla ya kulipia kiwanja, afadhali kuwauliza wazee wa mtaa maji ya 1998 yalikomea wapi.

Hesabu nayo huchakaa. Mchanga unaoporomoka kutoka mashamba ya vilimani huinua kitako cha mto, na daraja lililotosha zamani likawa dogo. Ndiyo sababu vipimo havina budi kuendelea kuchukuliwa mwaka hata mwaka. Ule ubao wenye namba uuonao umesimama mtoni, ambao watoto hupenda kuutupia mawe, ndio unaosomwa kwa kazi hiyo.