Mwanachuo karudi likizo, analala kutwa: si uvivu kila mara

Kila Julai mabasi yanayoingia Kasulu hushusha wanachuo na mabegi yao. Wengine huishia mjini, wengine hupanda bodaboda hadi Rungwe Mpya na vijiji vya jirani. Likizo ndefu imeanza, na nyumbani kila mtu ana mpango wake. Baba anawaza tofali za kufyatua kabla ya mvua za Oktoba. Mama anawaza shamba la kuandaa. Kijana mwenyewe anawaza nafasi ya fildi, au kulala tu baada ya mitihani.

Nikiwa mwaka wa pili, nilichagua kulala. Siku ya kumi baba akaanza kuniita "bosi". Hata mimi nilijiona mvivu, hadi bibi aliponigusa shingo akasema mtoto ana homa. Nilipopimwa zahanati, ilikuwa malaria.

Kijana aliyekaa muda mrefu Dodoma au Arusha, ambako malaria ni kidogo, hupungukiwa na kinga aliyoijenga utotoni. Akirudi Kigoma anakuta hali nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha mkoa huu ndio ulioongoza kwa maambukizi: karibu asilimia 24 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Na mara nyingi chandarua chake kilishachukuliwa na mdogo wake.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumkabidhi jembe, mtafutie chandarua chenye dawa. Akipata homa, akiumwa kichwa au akichoka kupita kawaida, apimwe siku hiyohiyo. Asinunue dawa kwa kubahatisha.

Kipimo kikionyesha hana malaria, usikimbilie kumwita mvivu. Siku chache za usingizi baada ya mitihani ni kawaida. Lakini zikipita wiki mbili hana hamu ya kula, kuzungumza wala kuonana na wenzake, muulize kwa upole mambo ya chuo: matokeo, ada, hata mapenzi. Kisha mpeleke kituo cha afya. Sonona ni ugonjwa, na hutibika.

Akiwa na nguvu, kaeni mpange pamoja: siku za fildi, siku za shamba na siku zake mwenyewe.

Mwaka ule tofali tulifyatua Septemba, mimi na baba. Hakuniita bosi tena.