Herufi na Alama katika Sarafu za Fedha za Shirikisho la Akaya

Neno la Kiyunani argyrion lilikuwa na maana mbili, yaani madini ya fedha na fedha ya matumizi, kama lilivyo neno "fedha" katika Kiswahili. Sarafu zilizopigwa kwa madini hayo na Shirikisho la Akaya, kusini ya Uyunani, zastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa herufi zake chache zaonyesha jinsi miji ilivyoungana bila ya kila mmoja kupoteza kilicho chake.

Shirikisho hilo lilifufuliwa mwaka wa 280 K.K. na miji minne: Dyme, Patrai, Tritaia na Pharai. Baadaye lilienea karibu Peloponnesos yote. Polybius, mwanahistoria mzaliwa wa Megalopolis, aliandika kwamba miji hiyo ilitumia sheria, mizani, vipimo na sarafu za namna moja.

Sarafu yake ya kawaida ilikuwa nusu drakma, yenye uzito upatao gramu 2.4. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Zeus. Upande wa pili, ndani ya shada la majani ya loreli, zilifungamanishwa herufi alfa na khi, mwanzo wa jina la Waakaya. Hayo yalikuwa ya wote. Kandokando yake mji ulitia alama yake wenyewe: Korintho farasi mwenye mabawa, Megalopolis filimbi ya mungu Pan.

Mfano ulio bora kwa mwanalugha ni Elis, mji ulioingia mwaka wa 191 K.K. Ulijitambulisha kwa herufi digama na alfa. Digama, yenye sauti ya w, ilikuwa imekwisha kutoweka katika Kiyunani cha Athens. Lakini jina la watu wa Elis kwa lahaja yao lilikuwa Waleioi (w hiyo ni ya shina, wala si kiambishi cha ngeli). Hivyo lahaja ya mahali ilipata nafasi katika sarafu ya wote.

Mwaka wa 146 K.K. Warumi walilishinda Shirikisho na kuubomoa Korintho. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sarafu hizi zilikoma hapo. Lakini uchunguzi wa hazina zilizofukuliwa umewafanya wataalamu kadhaa waone kwamba nyingine zilipigwa baadaye. Kwa hiyo alfa na khi peke yake si ushahidi kwamba Shirikisho lilikuwa lingali na mamlaka. Tarehe ya kila sarafu yapasa kupimwa pia kwa hazina ilimopatikana.