Je, Wajua? Barafu Haiteleshi kwa Uzito Wako

Je, wajua kwamba jibu la shuleni kuhusu utelezi wa barafu limechakaa? Linasema uzito wa mtu, ukielemea chuma chembamba cha kiatu cha kutelezea, huiyeyusha barafu kwa mgandamizo. Wazo hilo alilitoa John Joly wa Dublin mwaka 1886. Kweli mgandamizo hushusha kiwango cha kuyeyuka, ila kwa ubahili: kushusha nyuzijoto 1 tu hudai zaidi ya mara 130 ya mgandamizo wa hewa. Na Wakanada huteleza kwenye maziwa yaliyoganda hata kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri! Isitoshe, mwenye viatu bapa naye huanguka. Hilo peke yake lilitosha kututia shaka.

Je, wajua kwamba msuguano hujipunguza wenyewe? Chuma kikisugua barafu, joto huzaliwa na maji kidogo hutokea. Mwaka 1939 wanasayansi Bowden na Hughes walilipima jambo hili kwenye pango la barafu Jungfraujoch, Uswisi. Shaba nyeupe, inayopitisha joto, iliteleza vibaya kuliko eboniti, mpira mgumu usiolipitisha. Joto likitoroka, utelezi nao hupungua.

Mbona basi hata aliyesimama tuli huteleza? Mwanasayansi Michael Faraday alishaonyesha mwaka 1850 kwamba vipande viwili vya barafu vikigusana hugandana, akahisi juu yake pana utando wa majimaji. Hakuwa mbali na ukweli. Ndani ya barafu kila molekuli hushikwa na jirani wanne. Ya juu kabisa, upande wa hewa, haina wa kuishika, hivyo imelegea na kuhamahama.

Je, wajua kwamba utelezi bora ni karibu na nyuzi -7? Joto likizidi hapo, barafu hulainika na chuma huilima. Baridi ikizidi, molekuli za juu hukakamaa.

Je, wajua ni akina nani walioyaonja makali ya baridi hiyo kwa jasho? Mwaka 1911, katika giza la majira ya baridi ya Antaktika, wavumbuzi Wilson, Bowers na Cherry-Garrard walikuwa wakienda Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Baridi ilishuka chini ya nyuzi -50, theluji ikawa kama mchanga. Sleji mbili hazikuvutika pamoja. Walivuta moja, wakarudi kuifuata ya pili. Kila maili moja waliyosogea, miguu yao ilitembea tatu.